Nilimkuta Mchumba Wangu Akibandua Kiraka cha Boti Yangu

Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye sakafu ya boti yangu, bisibisi mkononi, akibandua kiraka.

Kiraka changu. Kile tulichokibandika pamoja Jumamosi, magoti yetu yakigusana, tukicheka.

Alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Polepole, kama mtu anayemenya viazi.

Nilisimama kwenye ubao wa kupandia na mfuko wangu wa madaftari.

Marafiki, moyo ni kitu cha ajabu. Ulianza kumtafutia sababu kabla macho hayajamaliza kuona. Labda anakagua. Labda ameona kasoro. Labda anataka kukirekebisha ili nikirudi nifurahi.

Kisha kiraka kikaachia, na maji yakaanza kuingia. Uzi mwembamba tu, hauna hata kelele.

Mwaura aliyatazama yale maji. Akafuta bisibisi kwenye suruali. Akarudisha mbao za sakafu mahali pake, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.

Hapo ndipo nilijua. Mtu hazipangi mbao hivyo ikiwa ni mara yake ya kwanza.

"Mwaura."

Akageuka.

"Cheru... si ulisema unarudi saa kumi?"

Hakusema samahani. Hakusema si vile ninavyofikiria.

Aliniuliza kuhusu saa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtaniuliza msichana wa milimani Olenguruone alifikaje kulala juu ya maji.

Naitwa Cheruto. Nina miaka ishirini na tano, digrii ya ualimu, na miaka miwili ya kungoja kuajiriwa. Nikiwa bado nangoja, nilipata mkataba katika shule moja ndogo kando ya Ziwa Naivasha.

Halafu ziwa likapanda.

Kwanza likachukua uwanja wa mpira. Halafu vyoo. Halafu barabara. Shule ikabaki upande ule, na watoto kumi na wawili wa darasa langu wakabaki upande huu. Kuzunguka kwa miguu ni saa mbili na nusu, na njia inapita mahali viboko hutokea kula nyasi.

Akina mama wakaamua jambo ambalo hata mimi ningeamua. Watoto wakae nyumbani.

Kulikuwa na hoteli moja iliyofungwa kwa sababu ya maji. Meneja wake alikuwa na boti kuukuu ya watalii iliyolala kwenye matete, ndege wamejenga humo. Nilimwomba anikodishe. Akaitazama, akanitazama.

"Ichukue, mwalimu. Ukiweza kuifanya ielee, ni yako."

Nililia barabarani nikirudi. Machozi ya furaha. Nilikuwa nimeshaona kila kitu: kila asubuhi, watoto kumi na wawili na laifjaketi zao, tukivuka tukiimba majedwali ya hesabu.

Nilienda kwa inspekta wa vyombo vya majini. Akaniandikia tarehe.

"Ijumaa, tarehe ishirini na tatu. Ikipita, unabeba watoto. Ukikosa hiyo siku, mimi huku nitarudi baada ya miezi sita."

Miezi sita ni mwaka mzima wa mtoto aliyeacha shule. Ukimpoteza hapo, humrudishi.

Basi nikahamia kwenye boti. Chumba changu nilichokuwa nimepanga kilikuwa kimeshaingia maji, na pia niligundua kwamba boti ikiachwa peke yake, asubuhi inaamka bila kiti. Niliingia na godoro, meko ya gesi, ndoo mbili, Biblia na madaftari ya watoto.

Hapo ndipo elimu yangu ya kweli ilianza.

Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye boti hakuna kitu kinachoharibika peke yake. Unafungua nati moja ya pampu, inakatika. Unaitafuta kama hiyo Naivasha, hakuna. Unaenda mpaka Nakuru, unaipata, unarudi, unaifunga, pampu inazunguka... halafu waya unaungua. Unabadilisha waya, betri inakufa. Unabeba betri begani kwenda kuchajiwa, unarudi, unakuta taa imeingia unyevu. Na ukinyoosha mkono kufungua taa, bisibisi inateleza, unaisikia... chubwi.

Ziwa Naivasha lina spana zangu tatu, bisibisi mbili na kijiko.

Kuna mzungu mmoja kwenye video ambaye alisema kufunga choo cha boti ni kazi ya dakika ishirini. Nilichukua siku nne. Siku ya tano kilifanya kazi kinyumenyume, na hapo sitaeleza zaidi.

Siku nyingine nilimwagikiwa na ile gundi ya faiba kichwani. Nilikata nywele zangu kwa mkasi wa darasani, nikijitazama kwenye kifuniko cha sufuria.

Lakini hayo yote nilikuwa nayacheka. Kitu ambacho sikuweza kukicheka ni ufa.

Ufa ulikuwa chini ya sakafu, karibu na injini, urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole vyangu. Maji yalikuwa yakiingia polepole, kama mgeni asiye na haraka.

Na hapo ndipo Mwaura alikuwa zawadi yangu.

Mwaura ni fundi wa matangi ya maji. Ukienda Njoro, ukienda Rongai, mashamba mengi yana matangi aliyoyaziba yeye. Tulikuwa tumechumbiana mwaka mmoja, na watu wake walishafika kwetu kujitambulisha. Kila Jumamosi alikuwa akitoka Nakuru na begi lake la vifaa, anavua viatu, anaingia.

"Usijali, Cheru. Kuziba ndiyo kazi yangu."

Tunachota maji. Tunakausha kwa matambara. Tunasugua kwa msasa mpaka vidole vinawaka. Tunachanganya gundi na hadina, ile dawa yake ya kugandisha. Tunalaza kitambaa cha faiba juu ya ufa, tunapaka, tunangoja.

Jumapili, kavu. Jumatatu, kavu. Jumanne naimba.

Jumatano jioni... maji.

Kila Jumatano. Wiki tano.

Jumatano ndiyo siku niliyokuwa nikiwafundisha wale watoto nchi kavu, chini ya hema la kanisa, saa nane mpaka saa kumi, ili wasisahau kusoma. Na Jumatano ndiyo siku Mwaura alikuwa na kazi huku Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Alikuwa akipitia botini kuniachia chapati.

Nikirudi nakuta chapati juu na maji chini.

Niliwahi kumuuliza tunakosea wapi.

"Labda ni kipimo," aliniambia, akinishika bega. "Hadina inataka uangalifu. Ukiweka matone kumi badala ya kumi na tano, haigandi vizuri. Lakini usijilaumu, mpenzi. Wewe si fundi."

Nilinunua sindano ya dukani ya kupimia dawa. Nikawa nahesabu matone kwa sauti, kama mwendawazimu. Moja. Mbili. Tatu. Nikifika kumi na tano naanza kujiuliza kama niliruka nane.

Nilianza kuiogopa mikono yangu mwenyewe.

Na sasa, Jumatano, siku mbili kabla ya ukaguzi, kanisa lilikuwa limehitaji hema kwa mkutano wa matanga. Nilirudi saa nane na nusu.

Ndiyo nikamkuta na bisibisi.

"Ni mara ngapi?" nilimuuliza.

Akaitia bisibisi mfukoni.

"Mwaura, ni mara ngapi?"

"Tano."

"Tumeziba mara tano."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Keti kwanza, Cheru."

"Siketi. Maji yanaingia. Kwa nini?"

Alitazama miguu yake. Maji yalikuwa yameanza kutokeza katikati ya mbao, yakigusa soksi zake.

"Kuna mtu alinituma."

Nikawaza wale vijana wa boti za kuvusha watu. Walikuwa wameshasema kwamba mwalimu anakuja kuharibu biashara.

"Ni wale wa boti?"

"Hapana."

"Nani basi?"

"Muulize mzee wako."

Nilicheka. Naapa nilicheka. Kwa sababu nilidhani hajui uongo mzuri wa kutumia.

Niwaeleze kuhusu Baba.

Kabla sijahamia kwenye boti, Baba alifika mwenyewe kuiona. Alilala humo siku moja, akarudi nyumbani, akaniita. Wajomba, majirani na pasta alikuwa ameshawaita kabla hata ya kuja kuiona boti. Akachukua maziwa, akayashika mdomoni, akanitemea kifuani na mikononi mbele ya watu wote.

"Nenda," alisema. "Maji yakubebe."

Kwetu, baba akishakutemea maziwa, yale maneno hayarudi mdomoni. Akiyarudisha, hayarudi kama maziwa, yanarudi kama laana. Hata wale wanaoketi kiti cha mbele kanisani wanaliogopa hilo.

Kwa hiyo nilikuwa nimelala juu ya yale maji wiki zote hizo nikijua jambo moja. Dunia yote ikinipinga, Baba yuko nami.

Nikapiga simu. Mwaura amesimama hapo hapo, soksi zimelowa.

"Chamge, Baba," nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Chamge mising. Mbona saa hii? Umekula?"

"Baba, ulimtuma Mwaura atoboe boti yangu?"

Nilisikia ng'ombe. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Sikusema atoboe," Baba akasema. "Nilisema isipite."

Marafiki... kuna maumivu ambayo hayana sauti.

"Baba, wewe ndiye ulinibariki."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?"

"Nililala humo ndani, Cheruto. Maji yalikuwa yakiongea chini ya sikio langu mpaka asubuhi. Sisi tulitolewa msituni nikiwa na watoto wanne, tukalala kwa karatasi za plastiki kando ya barabara. Mvua ilitunyeshea. Lakini chini yangu kulikuwa na udongo. Wewe chini yako hakuna kitu."

"Ungeniambia hivyo."

"Lini? Watu walikuwa wameshaitwa. Ulikuwa umeshafurahi. Nikabariki. Sasa ulitaka nirudi nyuma nikulaani?"

"Kwa hiyo ukatafuta mkono wa mtu mwingine."

"Mkono si mdomo," alisema. Polepole, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu na akaridhika nalo.

Nilikata simu. Sikuwa nimewahi kumkatia Baba simu maisha yangu yote.

"Sasa umeelewa," Mwaura akasema. "Haikuwa roho mbaya. Ni heshima. Ukiwa unataka binti ya mtu, na mwenyewe akuombe kitu kimoja tu..."

"Alikuambia ukikataa hatuoani?"

"Hakusema. Lakini we fikiria ningemjibu nini. Mzee mzima ananishika mkono, ananiomba."

"Na ile siku nililia?"

"Ipi?"

Ipi, anauliza. Kwa sababu zilikuwa nyingi.

"Ile uliyoniambia ni kipimo. Ukanifuta machozi. Mwaura, ulinifuta machozi na mkono huo huo."

Alijaribu kunishika. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga usukani.

"Shuka."

"Cheru, angalau nikusaidie kuchota..."

"Shuka kwa boti yangu."

Alishuka. Chapati aliziacha. Nilizirushia ndege.

Alhamisi niliamka nikiwa na kitu kimoja tu kichwani: ukaguzi ni kesho, na hakuna atakayebandua kiraka tena.

Nilichota maji peke yangu. Nikakausha. Nikasugua. Nikahesabu matone kumi na tano, na safari hii sikurudia hesabu, kwa sababu nilijua mikono yangu haijawahi kukosea. Nikabandika kiraka cha sita. Kilikaa kizuri kuliko vyote.

Mchana akapita Winrose. Winrose ni fundi wa boti pale ufuoni, mwanamke mwenye ovaroli iliyojaa rangi za kila boti aliyowahi kuigusa. Alisimama majini, maji yakimfika magotini, akaegemea boti yangu.

"Ticha, sasa. Leo fundi wako wa Nakuru ako wapi?"

"Hayuko tena."

"Pole." Akanitazama vizuri. "Ama ni hongera?"

Sikujua kama nicheke au nilie, kwa hiyo nikainua mbao nikamwonyesha kazi yangu. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie ni nzuri.

"Hii ni safi," alisema, akikigonga kiraka kwa kucha. "Safi sana. Na nje uliweka kama hii?"

"Nje iko majini, Winrose. Ningezibaje?"

"Kwa hivyo umeziba ndani peke yake."

"Ndiyo."

"Mara zote?"

"Mara sita."

Winrose aliokota mkebe mtupu wa rangi ufuoni, akautoboa chini kwa msumari, akabandika utepe wa gundi kwa ndani. Akaukandamiza mkebe ziwani.

Ule utepe uliinuka taratibu, kama kope la jicho. Maji yakaingia.

"Tangi lina maji ndani," Winrose akasema. "Ukiziba ndani, maji yenyewe yanakusaidia, yanakandamiza kiraka kwa ukuta. Boti maji yako nje. Kiraka chako kinasukumwa na ziwa lote, usiku na mchana. Nani alikufundisha hivi?"

"Fundi wa matangi."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaona uso wangu, akanyamaza.

"Kitashika mpaka kesho?" niliuliza.

"Kesho? Hiki kitashika mwezi, ticha. Inspekta anaweza ingia na soksi. Lakini tia watoto kumi na wawili humo. Injini inatetemeka. Ule upepo wa saa tisa umeamka. Kitatoka chote mara moja, na hutakuwa karibu na ufuo."

"Na ukarabati wa kweli?"

"Itoke majini. Ipinduliwe. Tukate, tuzibe nje na ndani. Wiki sita ukiwa na bahati."

"Winrose, umekuwa ukipita hapa kila siku. Mbona hukuniambia?"

Alinitazama bila hasira.

"Kila nikipita nakuuliza kama unataka msaada. Unaniambia, asante dada, najifanyia mwenyewe. Sijawahi kuona unaziba wapi. Hukuwahi kuinua hizo mbao mbele yangu mpaka leo."

Ijumaa ilifika na jua zuri. Mlima Longonot ulikuwa wazi kabisa, hata mikunjo yake ungeihesabu.

Akina mama walikuwa wamefika kabla ya inspekta. Watoto walikuwa wamevaa sare. Nilikuwa sijawaambia wavae sare. Viatu vimepakwa rangi, soksi zimevutwa juu.

Na pembeni kidogo, amesimama na koti lake zito la Olenguruone ndani ya joto la Naivasha, alikuwa Baba.

Sijui alitoka nyumbani saa ngapi. Hakunisalimia. Mwaura alikuwa nyuma yake, macho chini.

Inspekta aliingia na faili. Akahesabu laifjaketi. Akawasha pampu, ikanguruma. Akajaribu usukani, akaangalia kizimamoto. Kisha akapiga magoti, akainua mbao, akaweka kiganja.

"Kavu kabisa." Akainua uso. "Madam, nani fundi wako?"

"Ni mimi."

"Kazi nzuri."

Akafungua kalamu.

Wasomaji wangu, nataka mjue kwamba sikuwa na ushujaa. Nilikuwa nikipiga hesabu. Winrose alisema mwezi. Ndani ya mwezi ningeweza kuvusha watoto asubuhi tu, kabla ya upepo. Ningeenda polepole. Ningeomba sana.

Nilichohitaji kufanya ni kitu kimoja tu. Kunyamaza.

Nikatazama ufuoni. Baba, mdomo umefungwa. Mwaura, mdomo umefungwa. Watu wawili niliowapenda kuliko wote, kila mmoja alikuwa amejua jambo kuhusu boti hii na akaamua kutolisema.

Nikaona nafasi ya mtu wa tatu pale katikati yao. Ilikuwa inanitosha kabisa.

"Boss," nikasema. "Usiweke sahihi."

"Umesema?"

"Ufa uko chini ya maji na nimeuziba ndani peke yake. Leo kiraka kitashika. Siwezi kukuapia kwamba kitashika siku nikiwa na watoto."

Akaishusha kalamu.

"Madam, unajua nitarudi lini?"

"Miezi sita."

"Huwa wananisihi niandike," alisema. "Sijawahi kusihiwa nisiandike." Akafunga faili.

Nilipowaeleza akina mama, mmoja wao aliniangalia tu.

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunakungoja wewe."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Msichana wake alivua viatu, akavishika mkononi visichafuke, akaanza kutembea kwenda nyumbani.

Na hapo ufuoni ndipo kitu kiliniingia akilini, na mpaka leo hakijatoka.

Jumamosi tano, Mwaura aliziba ule ufa kwa ujuzi wake wote. Hakudanganya. Hiyo kazi yake ya haki ndiyo ingetuzamisha mimi na watoto kumi na wawili.

Jumatano tano, aliubandua kwa siri. Na ule usaliti ndio uliotuweka hai. Kama kiraka cha kwanza kingeshika, nisingewahi kuinua mbao mbele ya Winrose.

Lakini msiniambie nimshukuru. Nimeshajaribu. Hakujua. Baba hakujua. Hawakuwa wakizuia ajali.

Walikuwa wakinizuia mimi.

Baba alisogea. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Umefanya vizuri," alisema. "Chukua godoro, twende nyumbani."

"Siendi, Baba. Boti inatoka majini, Winrose atanifundisha kuziba. Inspekta akirudi atanikuta."

Uso ukajifunga tena. Akaangalia ziwa. Nikaona anavyotaka kufanya: atanyamaza, atanipa mkono, atasema sawa, kisha atatafuta mtu.

"Baba, sema."

"Niseme nini?"

"Unachotaka. Kwa mdomo wako, hapa mbele ya watu."

"Nilishakubariki."

"Sikuombi urudishe baraka. Nakuomba useme tu. Baba akimwambia mtoto hapana, hiyo si laana. Ni neno."

Baba alivua kofia, akaigeuza mkononi mara mbili.

"Sitaki," akasema, chini chini.

"Sijasikia."

"Sitaki, Cheruto. Sitaki ulale juu ya maji. Naogopa."

Nikangoja. Nadhani yeye pia alikuwa akingoja kitu kianguke kutoka juu. Hakuna kilichoanguka. Ndege mmoja alipita, basi.

"Nimesikia, Baba. Bado nitafanya."

"Najua."

Winrose alikuwa ameshafunga kamba kwenye pua ya boti. Akaita, "Mzee, kama hutaki alale kwa maji, si ushike hapa tuvute? Ikiwa nchi kavu, wiki sita hakuna mtu analala kwa maji."

Baba alifikiria. Nadhani hakupata kosa kwenye hiyo hesabu. Akavua koti, akaikunja mikono ya shati, akashika kamba. Akina mama wawili wakashika nyuma yake.

Mwaura pia akaja. Akashika mwisho wa kamba.

"Wewe acha," nikamwambia.

"Cheru. Mzee ndiye alinituma, na yeye umemsamehe."

"Baba alininyamazia. Wewe ulininyamazia, halafu ukanifariji."

Akaiachia kamba. Nilimwona akienda na begi lake la vifaa begani, na sitawadanganya, niliumia. Ningali naumia. Mtu hakomi kupenda saa ileile anayogundua.

Tulivuta. Ilitoka ikilia kama ng'ombe. Tukaipindua juu ya matairi, na kwa mara ya kwanza nikaona tumbo la nyumba yangu.

Kwa ndani, ule ufa ulikuwa na urefu wa mkono wangu.

Kwa nje, ulikuwa na urefu wangu mimi.

Baba aliupitishia kidole mwanzo hadi mwisho, akitembea.

Leo ni wiki ya nne. Nalala kwa Winrose, ambaye anakoroma na anakana. Nafundisha wale watoto kila siku sasa, si Jumatano peke yake. Tisa wanakuja. Watatu nawafuata nyumbani kwao. Jioni nakata faiba na kujifunza kuuliza maswali hata yale ya kijinga, kwa sababu nimeona bei ya kutouliza.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unampenda na unaona njia yake ni mbaya, mwambie. Akukasirikie. Akukatie simu. Usimpigie makofi mbele ya watu kisha umtafutie mtu wa kumbomolea nyuma. Ukimwambia hapana, atakuwa na kitu cha kupigana nacho. Ukimhujumu, atapigana na mikono yake mwenyewe.

Baba alipiga simu jana. Siku hizi hupiga jioni, akimaliza kukamua. Tuliongea habari za mvua na bei ya viazi.

"Cheruto," akasema, "bado sitaki."

"Asante, Baba," nikamwambia. Na nilimaanisha.